Video za Mikono

Nyuma ya nyumba yetu Ihanja kuna jiwe kubwa kama lori, na juu yake ndipo mtandao unaposhika vizuri. Kulipanda si kazi ndogo kwa mtu mwenye mguu kama wangu. Natanguliza fimbo, kisha najivuta kwa mikono, tumbo likiburuzika kwenye jiwe. Nikifika juu nasubiri pumzi itulie, naifunika simu kwa khanga isipate joto, halafu napakia video. Siku mtandao ukiwa na huruma, video ya dakika moja inapanda kabla sijamaliza konzi ya karanga.

Video zangu zina mikono tu. Mikono ya mama ikipepeta alizeti kwenye ungo. Mikono ya kijana wa mashine ya kukamua mafuta akizoa mashudu yakiwa bado ya moto. Mikono yangu ikisuka nywele za binti wa jirani, ikikoroga mlenda, ikimnyonyoa kuku wa kienyeji. Hiyo ya kuku ndiyo iliyotazamwa kuliko zote, sijui kwa nini. Wanaonifuatilia wengi hawajui kama mimi ni mtu mmoja au kikundi cha akina mama. Hakuna aliyewahi kuuona uso wangu, na hakuna aliyewahi kuniona nikitembea.

Nikiulizwa sababu, nina majibu mawili tayari. La kwanza ni la kisheria. Mwaka 2018, nilipokuwa chuoni, zilitoka kanuni za maudhui ya mtandaoni, na wenye blogu na televisheni za mtandaoni wakatakiwa kulipa zaidi ya shilingi milioni 2 ili wapate leseni. Hofu ilituingia hata sisi wadogo ambao hatukujua kama tunahusika. Mikono haina jina, nilijiambia. Jibu la pili ni mguu. Lipo na la tatu, na hilo sijawahi kumpa mtu yeyote. Ndiyo maana insha hii haina jina langu, na ndiyo maana nimebadilisha vitu vichache ili mtu mmoja nitakayemtaja asitambulike.

Nianze na mguu, maana wenyewe hauna siri. Mguu wangu wa kulia nilizaliwa nao umepinda, unyayo ukitazama ndani kama unaomtafuta mwenzake. Siku hizi mguu wa namna hiyo hunyooshwa kwa plasta, mtoto akiwahishwa katika wiki zake za kwanza. Mimi niliwahishwa kwa mganga, kisha kwenye maombi, na nilipofika hospitali mifupa ilikuwa imeshaamua. Nilikua nikiitwa kilema, baadaye mlemavu, na nilipofika chuo nikawa mtu mwenye ulemavu. Jina lilizidi kurefuka na kustaarabika. Macho yaliyonitazama yalikuwa yale yale.

Sitaki kusema kwamba kijiji kilinitesa. Kwenye basi dogo la kwenda Singida mjini, konda humwinua mtu anipishe. Bombani nachotewa maji kabla sijaomba. Kwenye msiba nawekewa kiti wakati wenzangu wamekaa kwenye mikeka. Ninachokosa ni swali moja tu. Wasichana niliosoma nao walianza kuulizwa "utaolewa lini?" kabla hata matokeo ya kidato cha nne hayajatoka. Waliulizwa bombani, mashineni, kanisani. Mimi nina miaka 28, na hilo swali lilikuwa halijawahi kunifikia hata kwa mzaha.

Nakumbuka harusi moja ya ndugu. Shangazi mmoja alikuwa akipita mezani kwa wasichana, akimgusa kila mmoja bega: "Zamu yako inakuja. Na wewe, mwakani. Na wewe, jiandae." Aliponifikia, mkono wake ulisimama hewani. Akanishika shavu. "Wewe, mwanangu, Mungu ana mpango wake na wewe." Akapita kwa wa kushoto kwangu: "Na wewe, usituchelewesheee!"

Nilijisikia nimetukanwa. Na katika pumzi ile ile, nilijisikia nimepona. Maana swali hilo lingenifikia, ningelazimika kudanganya.

Nilimpata huyo ninayesema nitamtaja nikiwa mwaka wa kwanza chuoni Dodoma. Tulipangiwa chumba kimoja. Yeye alitoka mkoa wa pwani, akaja na udi kwenye begi na neno lake la kuniitia: shoga. "Shoga, umekula?" "Shoga, niazime chaja." Kwetu Singida neno hilo hatulitumii sana hivyo, nikacheka siku ya kwanza. Akanieleza kwamba kwao mwanamke humwita rafiki yake wa kike shoga tangu enzi za bibi zao, na hakuna ubaya. Neno hilo hilo, likimwangukia mwanamume, linaweza kumvunjia mlango usiku.

Kufikia mwaka wa pili lilikuwa neno la mapenzi, na hakuna aliyelisikia likibadilika. Oktoba 2018 mkuu wa mkoa wa Dar es Salaam alitangaza kikosi cha kuwasaka mashoga, na siku chache baadaye serikali ikasema hayo ni maoni yake binafsi. Wiki hiyo nzima bweni lilikuwa halina mazungumzo mengine. Sisi wawili tuliendelea kuitana shoga kwenye korido, mchana kweupe, mbele ya mlinzi.

Lugha ilitusitiri na kwa njia nyingine. Kwa Kiswahili unaweza kusimulia mapenzi yako yote bila kusema ni ya nani. Ananipigia kila usiku. Amenikasirikia. Ameninunulia viatu, na cha kulia amekipeleka kwa fundi mwenyewe kikaongezwe soli. Nilimweleza mama mambo mengi kwa simu kwa mtindo huo, na mama akajibu, "Basi huyo ni mtu mwema."

Yeye ndiye aliyenionyesha Binyavanga Wainaina. Alikuwa na video zake kwenye kadi ya simu, sehemu sita, ubora hafifu kwa sababu zilikuwa zimepita simu nyingi. Sikuwa namjua. Nilijifunza baadaye kwamba alizaliwa Nakuru mwezi Januari 1971, baba yake akiwa mkubwa katika Bodi ya Pareto na mama yake, mzaliwa wa Uganda, akiwa na saluni mjini. Mwaka 2002 alishinda Tuzo ya Caine, na wakaanzisha na wenzake jarida la Kwani?, lililowafungulia mlango waandishi wengi wa Kenya. Mwaka 2005 aliandika insha ya kejeli inayowafundisha wageni namna ya kuiandika Afrika vibaya, na dunia nzima ikaisambaza.

Halafu ikaja Januari 2014. Nigeria ilikuwa imetoka tu kupitisha sheria kali dhidi ya watu kama sisi, na Uganda ingesaini yake mwezi uliofuata. Binyavanga akachapisha insha aliyomwandikia mama yake. Mama huyo alikuwa amefariki mwaka 2000, mwana akiwa Afrika Kusini, asifike kitandani kwake kwa wakati. Ndani ya insha anafika. Anamshika mkono na kumwambia kwamba yeye ni shoga. Siku chache baadaye akaweka YouTube ile video ya sehemu sita, ambayo kichwa chake kwa Kiswahili ningekiita Lazima Tuyape Uhuru Mawazo Yetu. Jarida la Time likamweka kati ya watu 100 wenye ushawishi zaidi duniani mwaka huo.

Tuliitazama tukiwa tumelala kitanda cha chini, sikio moja moja la hedifoni kila mtu. Nilitegemea mtu anayejitetea. Nikamkuta mtu anayeongea kama yuko sebuleni kwake, anayecheka, anayezunguka kwenye habari za shule zinazotufundisha kufuata mstari na makanisa yanayoona pepo kila kona, halafu anarudi kwenye jambo lake bila haraka. Uso wake ulijaa kioo. Mimi wakati huo nilikuwa nimeshaanza video zangu za mikono, nikirekodi wapishi wa kantini. Nilimwangalia kama unavyomwangalia mtu anayeogelea mbali na ufukwe.

Lakini siyo video hiyo iliyonibadilisha. Kilichonibadilisha ni kilichofuata. Mwaka 2015 Binyavanga alipata kiharusi. Marafiki wakachangisha fedha akatibiwe India. Yule mtu ambaye maneno yalimtoka kama maji akawa anayatafuta moja moja. Shoga yangu aliponisimulia hayo nilinyamaza, kwa sababu nilijua hatua inayofuata. Niliijua kwa mguu wangu. Sasa watamwekea kiti. Watashusha sauti wakiongea naye. Watamsamehe, na msamaha wenyewe utakuwa wa kumtoa kwenye orodha ya watu wanaopenda na kupendwa, kwa sababu mgonjwa si tishio tena.

Yeye hakukubali kutolewa. Tarehe 1 Desemba 2016, Siku ya UKIMWI Duniani, aliandika mtandaoni kwamba anaishi na virusi vya UKIMWI na kwamba ana furaha. Na Mei 2018 akatangaza kwamba yeye na mpenzi wake wataoana.

Chumbani kwetu, wenzetu wachache waliokuwa wanajua habari zake walishangaa kwamba mwanamume anasema ataoana na mwanamume. Mimi hilo nilikuwa nimeshalizoea. Kilichoninyima usingizi ni kwamba mtu aliyepata kiharusi anatangaza harusi. Mtu ambaye mwili wake umeshatolewa hukumu, ambaye kila shangazi angemshika shavu na kumwambia Mungu ana mpango wake, amejibu swali ambalo hakuna aliyekuwa amemuuliza. Nilikuwa nimezoea kuufikiria mguu wangu kama kitu kimoja na mapenzi yangu kama kingine, kila kimoja na aibu yake. Kumbe ni mwili mmoja. Wanaonihurumia na wanaoweza kunihukumu wanatazama mwili huo huo. Na mimi nilikuwa nimejificha nyuma ya huruma kama mtu anayejificha nyuma ya pazia na kusahau kwamba miguu yake inaonekana.

Alifariki Nairobi usiku wa Mei 21, 2019, akiwa na miaka 48. Siku tatu baadaye, Mei 24, Mahakama Kuu ya Kenya ilitoa hukumu iliyokuwa ikisubiriwa: vifungu vya Kanuni ya Adhabu vinavyoharamisha mapenzi ya watu kama yeye vibaki kama vilivyo. Hapa kwetu kifungu cha 154 kinaweza kumpeleka mtu jela maisha. Nchi hiyo hiyo ina Sheria ya Watu Wenye Ulemavu ya mwaka 2010, inayoutambua mguu wangu na kuutakia heri. Tulikuwa kwenye mitihani ya mwisho. Shoga yangu alilia huku akisoma takwimu, na mtu akipita alisema ni mtihani.

Baada ya chuo yeye alipata kazi Mwanza. Mimi nilirudi Ihanja, kwa sababu maombi yangu ya kazi yalikuwa yakijibiwa vizuri hadi siku ya usaili, wanaponiona naingia. Tulipigiana simu kila usiku, kisha kila Jumapili. Nilimlaumu kwa kupungua, hadi nilipoelewa jambo ambalo sikuwa nimelifikiria. Yeye alikuwa anaulizwa. Miguu yake miwili mizima ilimpeleka kwenye lile swali kila siku: nyumbani, kazini, kwenye kila sikukuu. Alikuwa hana pazia langu. Aliulizwa mpaka akajibu.

Siku moja mwaka 2022 simu ikalia, nikakuta nimeingizwa kwenye kundi la WhatsApp la michango ya harusi. Jina lake, jina la bwana, tarehe, namba ya mweka hazina. Niliahidi shilingi 50,000. Nilizilipa kwa mafungu mawili, baada ya kuuza magunia ya alizeti, na mweka hazina akanijibu mara zote mbili kwa alama ya mikono iliyokunjwa. Kabla ya siku yenyewe shoga alinitumia ujumbe mmoja nje ya kundi. Ilikuwa kiungo cha video ya Mwingereza anayeitwa Jessica Kellgren-Fozard. Chini aliandika: "Huyu angekuwa wewe."

Niliitazama juu ya jiwe. Jessica ni kiziwi, na ana ugonjwa wa kurithi wa mishipa ya fahamu unaoifanya mikono na miguu yake imsaliti. Anavaa kama mabibi wa miaka ya 1950, anaongea akiweka maandishi chini ili viziwi wenzake wafuatilie, na mke wake anaingia na kutoka kwenye video. Anafanya kazi hiyo kwa miaka, na ndiyo ajira yake. Nilitafuta wivu moyoni nikaukuta, lakini haukuwa wa mke, wala wa nyumba nzuri. Nilimwonea wivu kwa sababu siku anazoumwa anarekodi akiwa kitandani, uso mzima, na haombi radhi. Mimi hata kivuli changu nilikuwa nakikata wakati wa kuhariri, kwa sababu kivuli kinachechemea.

Mwaka jana, msimu wa kuvuna, nilikuwa chini ya mti nikizitazama tena zile sehemu sita za Binyavanga. Mama alikuwa pembeni akipepeta. Sikuvaa hedifoni, mama hajui Kiingereza, na nilihisi niko salama.

"Huyo ni mhubiri?" aliuliza.

"Hapana, mama. Mwandishi. Mkenya."

"Anasema nini?"

Hapo ndipo nilipojua kwamba sina Kiswahili cha jambo hilo. Maneno yapo, lakini kila nililolishika lilikuwa na uchafu wa mtu aliyelirusha kama jiwe.

"Anasema tusiogope kuwaza."

"Nani anaogopa kuwaza?" Akapuliza makapi. "Ndiyo anagomba hivyo kwa sababu ya kuwaza tu?"

"Anasema... kuna mtu anampenda. Na watu hawataki ampende."

Hayo hayakuwa maneno yake. Ilikuwa tafsiri yangu ya yote, na nilijificha ndani ya neno moja, mtu.

"Mama yake anasemaje?"

"Alimwandikia mama yake, akamweleza. Lakini alipoandika, mama alikuwa ameshakufa. Miaka 13."

Ungo ulisimama. Kisha ukaendelea. "Basi alichelewa," mama alisema. Baada ya muda akauliza, "Na sasa yuko wapi?"

"Amefariki naye. Alipata kiharusi. Lakini baada ya kiharusi alitangaza harusi."

"Na kiharusi chake?"

"Na kiharusi chake."

Mama alicheka, kile kicheko chake cha puani. "Kumbe mwanaume," akasema. Nikacheka na mimi, mpaka machozi, na sikumweleza kwa nini.

Zilipita kama siku nne. Nilikuwa narekodi mikono yake, jioni, mwanga wa kahawia nilioupenda, simu nimeiegemeza kwenye sufuria. Mama hupenda kuongea wakati narekodi. Huwa naondoa sauti baadaye na kuweka muziki. Alianza na bei ya gunia, akahamia kwa jirani, halafu bila kubadilisha sauti, bila kuinua uso kwenye ungo, akasema:

"Yule shoga yako wa chuo. Tangu aolewe hapigi simu."

"Ana mambo mengi, mama."

"Mm." Alizeti ziliruka zikatua, ziliruka zikatua. "Na wewe, mwanangu. Una mtu?"

Hakusema mume. Hakusema mchumba, wala utaolewa lini. Alilichukua neno langu na kunirudishia. Nilingoja nione kama atanishika shavu, kama atamtaja Mungu na mpango wake. Aliendelea kupepeta, akingoja jibu kama anavyowangoja mabinti wengine.

"Nilikuwa naye," nilisema.

"Alikuwa mtu mwema?"

"Alikuwa mtu mwema."

"Aliyekutengenezea viatu."

"Huyo huyo."

Mama alimwaga alizeti safi kwenye gunia, akakung'uta ungo, akanyoosha mgongo. Akaniambia niinuke nikafunge kuku kabla giza halijaingia. Nilichukua fimbo nikainuka, na nikapita mbele ya simu nikiwa nimesahau kwamba inarekodi.

Video hiyo ninayo. Ina dakika 6 na sekunde kadhaa. Inaonyesha mikono ya mama, kisha ungo mtupu, kisha mimi, kuanzia kiunoni kwenda chini, nikivuka uwanja kwa mwendo wangu hadi kwenye banda. Sauti zetu zinasikika vizuri kuliko nilivyotegemea. Nimeipandisha nayo juu ya jiwe mara mbili. Mara ya kwanza nilikata kipande cha mazungumzo nikabakisha mwendo wangu tu, nikakipakia. Ndiyo video yangu ya kwanza yenye miguu. Kile kipande kingine bado kiko kwenye simu, na nimekiwekea nakala kwenye kadi, kisije kikapotea.